Jina Lisiloombwa

Dada yangu Veridiana alikuwa na ugonjwa wa kuchungulia. Sisemi kwa ubaya, ni dada yangu tumbo moja, lakini kuchungulia alichungulia. Nyumba yake ipo Newala, jirani na kanisa, na kati yake na nyumba ya pili palikuwa na ua wa mabua uliochakaa. Kupitia ua huo alijua wenzake wamekunywa chai na nini, wamenunua redio ya namna gani, na binti yao Isabela ameamka saa ngapi kufagia uwanja. Mimi naishi nyumba ya tatu kutoka kwake, nashona nguo, na nilikuwa napata habari zote hizo bila kuziomba.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa korosho walianza kupanda huku juu na malori yao, mitumba ikajaa sokoni Masasi, na watu tuliozoea kulingana katika shida tukaanza kupishana. Baba yake Isabela, bwana Reginald, akapata kazi ya kumnunulia korosho tajiri mmoja wa Mtwara, na msimu haujaisha akaezeka bati. Newala bati si urembo. Huku juu hakuna mto wala chemchemi, kwa hiyo mwenye bati anakinga mvua na kuyaweka maji kwenye tangi chini ya ardhi, na asiye na bati anashuka bondeni na ndoo au anasubiri bomba litoke likijisikia. Sikumlaumu dada kwa kutamani bati. Hata mimi nililitamani.

Yeye hakuishia kwenye bati. Alimtamani na mtoto.

Alikuwa na wake, Flora, binti wa miaka kumi na mitatu, mzito kuamka, mwenye sauti nene na kicheko cha ghafla. Kwangu mimi alikuwa mzuri kabisa. Lakini tangu asubuhi mpaka jioni mama yake alimwimbia wimbo mmoja. Mwenzio Isabela ameshachota maji. Mwenzio Isabela amekuwa wa kwanza tena. Mwenzio Isabela anasoma masomo kanisani bila kukwama, wewe ukisimama mbele unameza mate. Shemeji yangu Gervas, mwalimu wa kwaya na mtu mpole kupita kiasi, akisema, "Mama Flora, mwache mtoto," alijibiwa kwamba mzazi Mkristo hana budi kumwekea mtoto mfano mwema mbele ya macho. Gervas akaenda zake shambani.

Amri ya kumi inakataza kutamani nyumba ya jirani, mke wake, watumishi wake, ng'ombe na punda wake. Watoto hawakutajwa. Nadhani haikufikiriwa kwamba mtu mwenye wake angefika huko.

Basi likizo ya Juni ikafika zamu ya Flora kuingia unyago. Kanisani kwetu wanawake wa parokia ndio wanaousimamia, kuna sala na mafundisho, mambo mabaya yaliondolewa zamani. Ila kutoa jina kumebaki mikononi mwa kila ukoo. Mtoto akitoka anaacha jina la utotoni, na tangu hapo kumwita kwa jina hilo ni kumtukana. Anapewa jina la mtu mzima aliye hai, kwa kawaida bibi yake. Anayempa anamshika mabega na kumtajia vitu vya kuchukua kwa mwenye jina: mkono wake wa jembe, usingizi wake mzuri, uvumilivu wake. Kisha mwenye jina, au aliyetumwa kwa niaba yake, anajibu, "Nimempa." Bila jibu hilo, kwa ukoo wetu, ni sawa na kuingia nyumba ya mtu na kubeba.

Mama yetu, Bibi Sijaona, anaishi Chiungutwa. Miguu ilikuwa imemvimba asiweze kupanda mlima, akanituma mimi nikaseme kwa niaba yake kwamba amempa Flora jina lake. Nilipomweleza dada, alinitazama kana kwamba nimemletea kiporo.

"Sijaona?" akasema. "Jina hilo litampeleka wapi mtoto wa siku hizi?"

"Lilitulea sisi," nikamwambia.

"Ndiyo maana tuko hapa tulipo."

Nilikasirika, nikarudi kwenye cherehani yangu. Nilidhani atachagua jina la shangazi wa upande wa Gervas. Asubuhi ya kutolewa kulikuwa na ukungu mzito uliopanda kutoka bondeni, tukawa tunaonana nusu nusu. Dada akamshika Flora mabega, akasema jina: Isabela. Halafu akaanza. "Chukua akili zake. Chukua adabu zake. Chukua sauti yake na mwendo wake. Chukua vyote alivyo navyo."

Akangoja jibu. Mama yake Isabela hakuwepo, wala hakuna aliyekuwa amemuuliza. Wanawake wakatazamana. Mmoja aliyekuwa nyuma yangu akauliza polepole, "Nani ametoa?" Nilimwona Flora amegeuza uso kumtafuta mama yake, na uso ule ulikuwa wa mtoto anayefukuzwa nyumbani. Dada akasema, "Endeleeni," ngoma ikapigwa.

Nyumbani wote wakaanza kumwita Isabela, kama desturi inavyotaka. Mimi humu nitaendelea kumwita Flora, ili tusichanganyikiwe, na kwa sababu nyingine ambayo mtaiona.

Mwanzoni dada alikuwa na furaha isiyo kifani. Flora aliamka kabla ya jogoo, akafagia uwanja kwa mistari iliyonyooka. Alisoma kwa sauti nyembamba, safi, bila kukwama. Akinisalimia alipiga goti kidogo, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, maana mimi na yeye tulikuwa watu wa utani. Nilimtupia mzaha mmoja wa zamani kuhusu pua ya baba yake. Akatabasamu kwa adabu, akaniuliza kama nahitaji maji ya kunywa. Nilirudi kwangu nimenyong'onyea.

Siku nyingine nikamkuta anamenya mihogo. Alikuwa anamenya haraka na vizuri, nami nikasimama pale namtazama bila kujua ni nini kinachonisumbua. Kisu kilikuwa mkono wa kushoto. Flora tangu azaliwe alikuwa mtu wa kulia. Mwenye kushoto mtaani petu alikuwa Isabela wa bwana Reginald, mpaka walimu waliwahi kumkanya. Nilimwonyesha dada. Akasema mikono yote ni ya Mungu.

Julai ikaingia, msimu wa kupulizia mikorosho salfa. Alfajiri mashine zilinguruma mashambani, na lile vumbi la njano likachanganyika na ukungu mpaka mtaa mzima ukanuka kiberiti. Nilikuwa kwa dada, tunakunywa uji. Upande wa pili wa ua mama yake Isabela akaita, "Isabela!"

"Abee, mama," akajibu Flora, akaweka kikombe chini, akaondoka. Alipita penye tundu la ua bila kutazama chini, kama mtu anayepita mlango wake. Dada akacheka. Akasema mtoto amesahau, jina bado jipya. Tukangoja. Alipochelewa tukaenda kumfuata, tukakutana na mama yake Isabela anamleta kwa mkono, na yeye anacheka, ila kicheko chake kilikuwa kifupi.

"Mama Flora, mwanao ametandika vitanda vyetu," akasema. "Amejuaje shuka zinakaa wapi? Naziweka kwenye sanduku lenye nguo za marehemu mama mkwe. Hata mume wangu hajui."

Nyuma yake, mlangoni, nilimwona Isabela mwenyewe. Alikuwa amesimama na ufagio, hafagii. Mama yake akamwita aje atusalimie. Akamwita tena. Yule mtoto alitazama huku na huku, kama anayesikia mtu mwingine anaitwa.

Tangu hapo ikawa hivyo. Jina likiitwa kule, linaitikiwa huku. Isabela wa watu alikaa tu kizingitini, uji ukapoa mkononi, na Jumapili aliposimama kusoma alifungua kitabu, akafungua mdomo, na sauti haikutoka. Flora, kwenye benchi letu, midomo yake ilikuwa inasoma lile somo mpaka mwisho. Watu wa mtaani walianza kuipita nyumba ya dada kwa mbali.

Halafu ikaja ile asubuhi ambayo dada alinijia mbio, kanga imefungwa vibaya. Alisema alikuwa anakoroga ugali, Flora akaingia jikoni akapiga goti. "Shikamoo, Mama Flora." Na dada, kwa mazoea, akasema marahaba, kabla hajasikia alichosikia. Akageuka, akamuuliza, umeniitaje?

"Mama Flora," yule mtoto akarudia. Halafu akauliza, kwa upole, "Flora yuko wapi siku hizi? Sijamwona tangu likizo."

"Nikamwambia Flora ni wewe," dada akaniambia. "Anjelina, alinitabasamia. Alinitabasamia vile tunavyomtabasamia mtu mzima aliyekosea neno. Hakutaka kuniaibisha."

Walimpeleka Ndanda, hospitalini. Wakampima damu, macho, kichwa, wakasema mtoto huyu ni mzima kabisa. Na kweli alikuwa mzima, alikuwa amenawiri. Waliporudi akashuka kwenye basi, akamshukuru dada na Gervas kwa kumsindikiza, akaelekea nyumba ya bati. Gervas akakaa chini pale pale kituoni. Sikuwahi kumwona mwanamume amekaa chini vile mbele za watu.

Mwezi ule Askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara, na Padri Cecil alikuwa akiwaandaa watoto. Padri alikuwa kijana, mgeni kwetu, mwenye kujiamini. Siku moja akawapanga kanisani na kuwafanyisha mazoezi ya kuitwa. Mimi na dada tulikuwa tumekaa nyuma. Akaita jina la ubatizo, "Flora, binti wa Gervas." Akarudia. Watoto wakamtazama Flora, naye akatazama mlangoni, kama anayetarajia Flora aingie. Kisha padri akaita, "Isabela, binti wa Reginald." Flora akasimama. Akatembea mbele kwa mwendo wa hatua fupi usiokuwa wake, akapiga magoti. Isabela alibaki kwenye benchi, viganja vimelala wazi mapajani. Hakuna mtoto aliyecheka. Ningefurahi kama angecheka hata mmoja.

Padri akatuita kwenye chumba cha mavazi. Jasho lilimtoka na kulikuwa na baridi. Dada akamweleza yote, unyago, jina, kutojibiwa, hakuficha. Padri akasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi si mganga, Mama Flora," akasema. "Ila Askofu atamwekea mikono kwa jina analoliitikia. Atamthibitisha aliyemkuta. Baada ya hapo sijui utamdai nani mtoto wako." Halafu akafikiri, akasema, "Nisimulie Flora. Nataka nimwombee na simjui. Yukoje?"

"Flora ni mzito kuamka," dada akaanza, "si kama Isabela, ambaye..."

"Mwache huyo. Flora tu."

"Flora kusoma kunamshinda. Isabela akisoma..."

"Flora tu, mama."

Dada akafungua mdomo. Nikamwona anatafuta. Macho yalikwenda kwenye dari, yakashuka sakafuni, mikono ikafinya pindo la kanga. Miaka kumi na mitatu amezaa, amenyonyesha, amelaza, na hakupata sentensi moja ya mtoto wake isiyokuwa na mtoto wa mwenzake ndani. Ndipo akalia. Sikumbembeleza. Nilimpenda sana dakika ile, na nilikuwa na hasira naye.

Akatoka pale, akaenda moja kwa moja kwa mama yake Isabela, akapitia mlango wa mbele kwa mara ya kwanza tangu nyumba iezekwe. Nikamfuata. Akamwambia, "Nilichukua jina la mwanao bila kukuomba. Nilichukua na vilivyomo." Mama yake Isabela alikuwa anampangusa binti yake uso kwa kitambaa, na yule mtoto amejiachia tu apanguswe.

"Sikutoa," akasema yule mama bila kugeuka. "Na hata ungeomba nisingetoa. Rudisha."

"Nitarudishaje?"

"Ulijua kuchukua."

Tulirudi. Flora alikuwa nyuma ya jiko, amekaa kwenye mkeka anapukuchua mbaazi kavu, kwa mkono wa kushoto. Alikuwa amekuja kumsaidia jirani kazi, ndivyo alivyoniambia. Dada akaketi chini mbele yake, kwenye mchanga, si kwenye mkeka.

"Mwanangu," akasema. "Mimi ni mama yake Flora, na Flora simjui. Wewe unamfahamu. Nisimulie."

Yule mtoto akamtazama kama anapima kama ni ruhusa. "Niseme yote?"

"Yote."

"Flora anajua mashine zote za salfa kwa mlio," akasema. "Akiwa kitandani anajua ni shamba la nani linapuliziwa, na mashine ya nani inakaribia kufa. Ndiyo maana anachelewa kuamka. Anasikiliza."

Dada hakutaja jina la mtoto mwingine. Nilijua ni kazi ngumu kiasi gani.

"Na nini tena?" akauliza.

"Kusoma hakumshindi. Nyumbani anasoma vizuri, akiwa na baba yake. Kanisani anakuona umekaa mbele. Midomo yako inasoma naye, halafu inajikunja kabla hajakosea. Basi anakosea."

"Na nini tena?"

Akaendelea. Mambo madogo madogo. Kwamba Flora hapendi kuoga maji ambayo mama yake ameyashukia bondeni huku mgongo unamuuma, kwa hiyo anajipangusa tu na kusema ameoga. Kwamba kucheka kwake ghafla ni kwa sababu anakumbuka kitu cha jana. Kwamba bibi yake wa Chiungutwa alikuwa amemnong'oneza kuwa jina ni lake, naye akalizoea usiku kwa kulisema mwenyewe, na siku ya kutolewa alikuwa amejiandaa kuliitikia. Jua lilikuwa linashuka. Sauti yake ilikuwa inateremka kidogo kidogo, inanenepa. Dada alikuwa analia bila kujifuta, na hakujitetea hata mara moja. Hakusema mbona hukuniambia. Aliuliza tu, na nini tena.

"Na alikuchukia," akasema yule mtoto. Maganda ya mbaazi yalikuwa yanavunjika sasa kwenye mkono wa kulia. Sijui ulihamia lini. "Ulipomwambia achukue vyote. Alifikiri, basi na chake nani atachukua?"

"Mimi," akasema dada. "Kama bado kipo. Nakitaka hicho hicho."

Upande wa pili wa ua mama yake Isabela akaita, "Isabela!"

Mikono ya Flora ikasimama. Magoti yakajikusanya, makalio yakanyanyuka kutoka kwenye mkeka. Mkono wa dada ulimrukia, halafu, sijui kwa nguvu gani, ukarudi, akaukalia. Mimi nilikuwa nimeng'ata ncha ya kanga. Flora alibaki vile, si wa kukaa si wa kusimama, uso umeelekea kule. Alikuwa anasikiliza kama alivyosema Flora anasikiliza.

"Isabela!"

Akakaa. Akakaa vibaya, kwa kishindo, mbaazi zikaruka. Na kutoka kule, kwa sauti nyembamba iliyokuwa imekauka kwa kutotumika, mtu akajibu, "Abee, mama." Nyayo zikakimbia uwanjani. Tukamsikia mama yake analia na kuuliza mambo kwa pamoja, na yule mtoto anamjibu kwa ile adabu yake, bila haraka: uwanja nitaufagia sasa hivi, mama, na maji nitachota, usijisumbue.

Nilimtazama dada yangu. Alikuwa amegeuza kichwa kuelekea kwenye sauti ile nzuri, na midomo yake ikaanza kufunguka. Hakukusudia, naapa. Ni mazoea ya miaka. Lakini nililijua neno la ule wimbo wake wa zamani lililokuwa limeshafika kwenye meno, na nilimwona na yeye analitambua.

Akafunga mdomo. Akameza. Akavuta ganda moja la mbaazi, akaanza kulipukuchua.

Flora hakuwa amegusa kitu. Alikuwa ametulia kabisa, anamtazama mama yake mdomoni.